Jogoo wa Mtani

Watu wa kwetu Kibiti wakiniuliza nafanya kazi gani huko nje, huwajibu, "Nasikiliza maneno ya watu." Wanacheka. "Kumbe unalipwa kwa umbea!" Wala sibishi, maana ukiuondoa ule unadhifu wa ofisini ndivyo ilivyo. Mimi ni mchambuzi wa mambo ya siasa katika ujumbe wa kimataifa wa kulinda amani, katika nchi moja ya ng'ambo ya ziwa. Wenzangu askari wanavaa kofia za chuma, mimi nabeba daftari. Asubuhi nakwenda sokoni, kwa machifu, kwa masheikh na mapadri, nauliza nani kagombana na nani, nani kahama, nani kaacha kumsalimia jirani yake. Jioni naandika: huku kumetulia, kule pana moshi, pelekeni doria kabla moto haujashika.

Naishukuru kazi hii, na shukrani zangu zinaanzia mbali na ofisi yoyote. Zinaanzia Salale, huko huko kwetu kwenye mikoko, kabla sijajua hata kuandika jina langu. Baba alikuwa akivua kamba na kulima mpunga, na alipokwenda kwa mtumbwi mimi binti yake nilikuwa mbele nimekaa. Tukifika mahali penye watu haulizi habari. Anakaa, anashona wavu wake, anasikiliza. Tukirudi ndipo ananiuliza mimi: "Haya, umesikia nini?" Nikisema sikusikia kitu, anacheka. "Umesikia kelele tu. Nani hakumjibu nani?" Chuo kikuu kilikuja baadaye kuyapa mambo hayo majina marefu, lakini mwalimu nilishampata.

Na nikiri mapema kwamba nina hasira za karibu. Mama husema mimi nilizaliwa saa saba mchana, jua la utosi, likaniingia kichwani. Kazini hasira hizo nazifungia kwenye kabati, watu wananiita mpole. Nyumbani sijawahi kuitwa hivyo hata kwa bahati mbaya.

Sasa, mwaka mmoja kabla ya msiba wetu, askari wa doria walirudi kambini mbio mbio. Walipita kwenye mazishi, wakakuta watu wa kabila jingine wamezuia jeneza, wanamtukana marehemu matusi ya nguoni, na mmoja wao kaingia kaburini kalala humo, anasema hatoki mpaka apewe mbuzi. Mkuu wa kikosi alikuwa tayari kupeleka magari mawili. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. "Bwana mkubwa," nikamwambia, "hao ni watani. Hata kwetu wapo. Huyo aliyelala kaburini ndiye anayempenda marehemu kuliko wote. Ukipeleka askari pale, hapo ndipo utakapoleta vita." Magari hayakwenda. Niliandika ripoti ndefu kuhusu utani, nikaeleza unavyofanya kazi, hata wakiudhiana wanarudianaje. Ripoti ikasifiwa, ikatumwa makao makuu. Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Loo! Mganga hajigangi.

Baba alifariki nikiwa huko. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyenipigia simu. Nilipanda ndege tatu, nikalala kwenye viti viwili vya uwanja wa ndege, na kwa kuwa dini yetu haimchelewi maiti, baba alizikwa siku ileile. Nilifika Kibiti siku ya tatu, mchana. Sikumwona. Sikumgusa. Nasema hivi ili mnielewe, sijitetei.

Nje turubai limefungwa, wanaume wako kwenye mikeka, wanawake wako uani na masufuria. Nikapita katikati yao bila kusalimia, nikaingia uani, na pale, wallahi, nikamwona baba. Kanzu yake ile ya kila Ijumaa. Kofia yake imeinamia sikio. Anatembea anauburuta mguu wa kushoto, anakohoa mara mbili kama kawaida yake, anafoka, "We mwanamke! Chai yangu mpaka jua lizame?" Kwa muda wa kupepesa jicho nilijua wamenidanganya kwenye simu. Hakufa. Nikafungua mdomo nimwite.

Akageuka. Alikuwa mtani wetu.

Huyu mtani ni mwanamke wa rika la mama. Watu wake walishuka kutoka vilima vya kusini, wakawa wakulima hapa Kibiti, na nyumba yake na yetu zimetenganishwa na ua wa makuti tu. Yeye na baba hawakuwahi kusalimiana kwa wema. Baba akipita: "Bado hujafa wewe?" Naye: "Nakungoja utangulie, nije nile wali wa msiba wako nishibe." Lakini baba alipougua, uji alioukubali ni wa mtani, na aliyemgeuza kitandani mama alipochoka ni mtani. Siku ya msiba alikuwa kazini. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu, ndiye anayeigiza mwendo wake na kikohozi chake, ili wafiwa wacheke kidogo katikati ya kilio, pumzi zisiwakatike. Nililijua hilo tangu utoto. Nimeliandikia ripoti!

Nikaivuta ile kofia kichwani kwake. "Toka!" nikamwambia. "Toka nyumbani kwa baba yangu! Huna haya wewe?"

Waliokuwa wakipakua wakasimama na miko mikononi.  Mtani akaivua kanzu taratibu, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mkeka. Akajitanda khanga yake akatoka. Mtani kutoka msibani bila kurudisha hata tusi moja, jambo hilo hakuna aliyewahi kuliona.

Mama alikuwa ndani, ameshaanza kukaa eda, ile miezi minne na siku kumi mjane anayokaa ndani baada ya mumewe kufa. Nilipoingia kumkumbatia aliniuliza, "Nani kafukuzwa?" Nikamwambia. Akaniachia mikono. "Mwanangu," akasema, "umemfukuza mwenye msiba."

Wiki haikuisha mtani akafunga nyumba, akaenda Mloka kwa binti yake anayelima huko karibu na pori la wanyama. Mimi nikarudi kazini. Nilijiambia mambo yatapoa, unajua tunavyojidanganya. Lakini mama kwenye simu akaanza kusema kitu kimoja. "Mimi ndiye niliyemtoa mtani eda alipofiwa na mumewe. Nilimwogesha, nikamshika mkono mpaka barabarani. Tukaahidiana, atakayebaki nyuma atashikwa na mwenzake. Asiponitoa yeye, mimi sitoki." Mashangazi walidhani ni maneno ya huzuni, yatapita. Mwezi wa tatu ulipoisha akaanza kukiacha chakula. Anakunywa chai nusu kikombe, anageukia ukutani. Mjomba akanipigia tena, sauti ileile ya mara ya kwanza. "Njoo. Dada yangu anafifia. Tumeshamzika mmoja."

Mkuu wangu wa kitengo ni mtu wa nchi ya baridi, hajui eda wala utani, na ripoti zangu alikuwa akizikata kwa kalamu nyekundu bila huruma. Nilimwendea nimeshika karatasi ya likizo, ingawa zamu ya kupumzika haikuwa yangu. Akanitazama usoni. Akaandika zamu yake mwenyewe ya kupumzika kwa jina langu, akasema, "Nenda kwa mama yako." Hakuuliza hata swali moja. Nikiwataja watu katika dua zangu, yumo.

Nilifika zikiwa zimebaki siku kumi. Nikaliendea jambo kama nilivyofundishwa kazini. Nikachukua daftari nikaandika wahusika, nikaandika chanzo cha mgogoro (mimi), nikachagua wapatanishi: mjomba, na mzee mmoja wa msikitini anayeheshimika pande zote. Nikawapa maneno ya kusema, nimeyapanga neno kwa neno, radhi juu ya radhi. Nikawapa doti ya khanga, sukari na mchele wa Salale. Wakapanda basi la Mloka.

Wakarudi kesho yake na kila kitu, hata sukari haijafunguliwa. Mjomba akakaa barazani, akavua viatu, akapumua. "Tumepokewa vizuri mno," akasema. "Katukaribisha, katuandalia, kazungumza kwa adabu. Hakututania hata kidogo. Nikaogopa."

"Kasemaje?"

"Kasema: 'Mwambieni yule binti kwamba anayeombwa radhi ni mtu baki. Kama mimi kwake ni mtu baki, radhi nimempa, khanga sina haja nayo, na utani wetu umekwisha. Mungu amlaze marehemu pema.'"

Mama alikuwa akisikiliza nyuma ya mlango. Nilipompelekea uji aliutazama tu. "Hiyo kazi yako huko," akaniuliza, "ni kweli wanakuamini?" Lilinichoma lile swali, maana hakuwa akinitania. Nikatoka nje nikampigia kelele mbuzi wa watu aliyekuwa anapita zake, hasira zangu ndivyo zilivyo, kisha nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa aibu. Sikuwa bado nimemlilia baba, lakini nililia kwa ajili ya doti ya khanga iliyorudishwa.

Asubuhi yake nikafungua kompyuta. Sijui nilitafuta nini. Nadhani nilitaka kuona mahali fulani palipoandikwa kwamba mimi ni mtu mwenye akili. Nikaifungua ile ripoti ya utani, nikaanza kuisoma kama imeandikwa na mtu mwingine. Ukurasa wa tatu, aya fupi, maneno ya bibi mmoja niliyeongea naye baada ya yale mazishi: mtani akiudhika haombwi radhi, kwa sababu kuomba radhi ni kumwambia kwamba naye anaweza kukukosea, na watani hawakoseani. Mtani huchokozwa upya. Ukimwibia, kama bado ni mtani wako, atakuja kudai. Kama si mtani tena, atakuacha uende zako.

Niliyaandika mimi! Kwa vidole hivi! Nikajipiga kofi la paja mpaka shangazi akachungulia dirishani kuniuliza kuna mbu gani saa hizi.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Nikapanda basi la Mloka peke yangu, sina zawadi, sina mpatanishi. Nilifika jua limekwisha panda. Nikamkuta mtani shambani kwa binti yake, yuko juu ya dungu, kile kibanda cha miti cha kukaa juu na kulinda mazao, ana debe la kupiga ili kuwafukuza wanyama wakija. Wiki hiyo ngedere walikuwa wamewamalizia mahindi ya upande mmoja. Aliniona tangu mbali. Hakusimama.

Sikumsalimia. Jamani, mimi niliyelelewa kuwaamkia wakubwa hata nikiwakuta mara nne kwa siku, nilipita chini ya dungu la mtu wa rika la mama yangu bila shikamoo. Nikaenda moja kwa moja uwanjani kwake. Kulikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, ana maringo ya mwenyekiti wa kijiji. Nikamrukia. Akanikimbiza kwa kweli, mimi ndiye niliyekuwa nikikimbizwa, maana ana makucha yule. Nilianguka kwenye majivu ya jiko. Nilipasua gauni. Binti yake mtani alitoka ndani akaushika mdomo wake kwa mikono miwili. Mwisho nikambana jogoo ukutani, nikamkumbatia, manyoya mdomoni, nikarudi chini ya dungu.

"Huyu ni wangu," nikapaza sauti. "Na usihangaike kupiga debe. Hao ngedere hawaji kuiba, wanakuja kumwamkia dada yao mkubwa."

 Upepo ulikuwa unapita kwenye mahindi. Alinitazama tu, uso haukusema kitu. Mimi kazi yangu ni kusoma nyuso za watu, nimekaa na makamanda wa waasi nikajua wanadanganya wapi, lakini uso ule sikuusoma. Nikasimama mpaka nikaona aibu ya kusimama. Nikaondoka na jogoo wake. Njia nzima nilikuwa nangoja sauti nyuma yangu, tusi, jiwe, chochote. Hakuna. Basi likaondoka.

Nyumbani nikamfunga jogoo uani kwa kamba ya mguu. Alfajiri akawika, na mama akauliza kutoka ndani jogoo wa nani yule, sauti yake ngeni. Nikamwambia nimemwiba kwa mtani. Siku ile mama alikunywa uji wote. Siku ya pili mtani hakuja. Ya tatu hakuja. Basi la Mloka likipita nasimama mlangoni, linapita. Ya nne mama akaurudisha uji, akasema, "Umejaribu, mwanangu. Mungu anaona." Sijawahi kusikia maneno mazito kama hayo ya upole.

Siku eda ilipokwisha, mashangazi walifika mapema, maji ya moto tayari, nguo mpya za mama zimefukizwa udi. Mama amekaa ukingoni mwa kitanda. Shangazi mkubwa akamshika mkono. "Haya wifi, tumshukuru Mungu, inuka." Mama akautoa mkono wake taratibu. "Ngojeni." Wakangoja. Maji yakapoa, yakachemshwa tena. Jua likaingia dirishani likafika miguuni kwake, na mashangazi wakaanza kutazamana, na mimi nilikuwa nimesimama kizingitini, nimebana meno, najisemea kwamba nimemuua baba mara ya pili na mama nimemwongeza.

Ndipo tukasikia bodaboda inasimama nje, na sauti.

"Mwizi yuko wapi? Nasema mwizi wa nchi za nje yuko wapi? Ametoka huko kulinda amani za watu, amekuja kuvunja mabanda ya kuku!"

Mtani aliingia bila hodi. Khanga imefungwa kiunoni, vumbi mpaka kwenye kope. Alinipita kama mlango, akaenda kwa mama, akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Na wewe mama wa mwizi umekaa unangoja nini? Umenenepa kwa jogoo wangu mpaka huwezi kuinuka?"

Mama akamtazama. Mdomo ukatetemeka kwanza, nikadhani analia. Kisha akacheka. Miezi minne na siku kumi, na kabla yake miezi ya ugonjwa, sikuwa nimeisikia ile sauti. Alicheka mpaka akainama, akashika magoti, na mtani akamshika kwapani akamwinua, wakaenda bafuni wawili, wakitukanana njia nzima. Mashangazi wakapiga vigelegele. Alhamdulillahi. Sina neno jingine hata leo.

Baadaye, mama akiwa anavalishwa, mtani akatoka akanikuta uani. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akanyoosha miguu. Hakunitazama.

"Siku ile uliponifukuza," akasema, sauti ya chini, "nilifika kwangu nikafunga mlango nikalia. Miaka yote hii nawazikia watu wenu sijalia hata mara moja. Mtani halii, tukilia sisi nani atawachekesha? Wewe ulinifanya nimlilie baba yako peke yangu, chumbani, kama mtu baki."

Neno samahani lilinifika kwenye ulimi. Lilikuwa la kweli, zito, lote. Nikalimeza. Lilishuka kwa shida.

"Ndiyo maana ngedere wa Mloka wamezidi," nikasema. "Waliusikia ule mlio wakajua ni wa kwao."

Mtani akanigeukia. Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akanivuta kichwa akakiweka mapajani mwake, na hapo ndipo mimi nilipomlilia baba. Kwa sauti, bila haya, mbele ya mashangazi wote. Yeye ananipiga piga mgongoni, ananiita mwizi, mwizi mkubwa, mtoto wa mwizi, mpaka mama akatoka mlangoni na nguo zake mpya, akatuambia tuache makelele, tumshike mkono twende.